Je, Waashuri walitawala kwa hofu peke yake? Naomba ufafanuzi kuhusu himaya yao

Mwalimu wa Jioni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninasomesha historia ya dunia ya kale katika darasa la jioni la watu wazima, na wiki mbili zilizopita tulifika kwenye himaya ya Waashuri. Wanafunzi wangu wengi wanawafahamu kupitia Biblia, kwa hiyo majina kama Ninawi na Senakeribu si mageni kwao, ila picha waliyo nayo ni moja tu: jeshi linaloteketeza miji, linalowachuna watu ngozi na kuwaswaga mateka kwenda nchi za mbali. Picha hiyo haikubuniwa na maadui zao, kwa sababu wafalme wenyewe, hasa Ashurnasirpal wa Pili (883–859 KK), waliyaandika matendo hayo kwenye mawe ya majumba na mahekalu yao na kuyasimulia kwa fahari.

Mwanafunzi mmoja, mama mwenye duka la nafaka, aliuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu vizuri. Alisema kwamba mtu anaweza kumtisha jirani yake kwa siku moja au kwa mwaka mmoja, lakini hofu haihesabu magunia, haichimbi mifereji, wala haipeleki barua. Iweje basi watu hawa wakashikilia nchi kuanzia milima ya Zagros hadi Bahari ya Mediterania, na kwa muda hata Misri, katika himaya iliyodumu karibu miaka 300? Naomba wenye ujuzi mnisaidie: walipanuka kwa hatua zipi, na nchi zilizotekwa zilitawaliwa vipi siku kwa siku?

Mzee wa Vibao amejibu:

Mwalimu, mpe pongezi zangu mama huyo, kwa maana ameuliza swali lenyewe. Nimesoma habari za Waashuri kwa miaka mingi na bado naona kwamba watu wengi wanaishia kwenye kuta zilizochongwa, ambazo zilitengenezwa ili kutisha, bila kufika kwenye vibao vya udongo, ambavyo viliandikwa ili kazi ifanyike.

Asili yao ni mji mmoja tu, Ashur, kwenye ukingo wa mto Tigri, ule ambao Biblia yetu inauita Hidekeli. Karibu mwaka 1900 KK watu wa Ashur walikuwa wafanyabiashara, wakisafirisha bati na vitambaa kwa misafara ya punda hadi Kanesh, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Dola lilianza kuwa kubwa katika karne ya 14 KK, likatanuka hadi mto Frati, kisha likapoteza sehemu kubwa ya ardhi hiyo mbele ya Waaramu. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu wafalme walioanza tena vita kuanzia Adad-nirari wa Pili, aliyetawazwa mwaka 911 KK, hawakudai kwamba wanateka nchi za watu. Walidai kwamba wanarudisha mali ya mungu Ashur, na mfalme alipotawazwa aliagizwa aipanue nchi ya mungu huyo. Vita vikawa sehemu ya ibada na wajibu wa kiti, na mfalme ambaye hakwenda vitani alikuwa na jambo la kujieleza.

Sasa niseme lile ninaloona kuwa ndio ufunguo. Waashuri walitofautisha mambo mawili katika maandishi yao: “nchi ya Ashur” na “nira ya Ashur”. Nchi ya Ashur ilikuwa majimbo, yaani ardhi iliyo chini ya liwali aliyeteuliwa na mfalme, ambayo watu wake walihesabiwa kuwa Waashuri na kutozwa kodi na kazi kama Waashuri. Nira ya Ashur iliwahusu wafalme wa kigeni walioachwa kwenye viti vyao kwa sharti la kuapa kiapo cha utii, kulipa kodi kila mwaka, kutoa askari wakiitwa, na kutofanya urafiki na adui. Kuigeuza nchi kuwa jimbo kulikuwa na gharama kubwa: ngome, makarani, ghala, askari wa kudumu. Kwa hiyo kwa muda mrefu waliridhika na nira, na jimbo likaundwa pale nira ilipokatika mara kwa mara.

Chukua Israeli, ambayo wanafunzi wako wanaijua. Mwaka 853 KK Ahabu alikuwa mmoja wa wafalme walioungana kumzuia Shalmaneser wa Tatu huko Qarqar, kwenye mto Orontes, na maandishi ya Waashuri yanamhesabia askari 10,000. Mwaka 841 KK Yehu alikwisha kuinama. Kwenye nguzo nyeusi iliyopatikana Kalhu, mji mkuu wa Waashuri wakati huo, anaonekana mjumbe wake, au yeye mwenyewe, akibusu ardhi mbele ya mfalme. Hapo Israeli ilikuwa chini ya nira, na nira hiyo ililegea Ashuru, yaani dola la Waashuri, ilipodhoofika. Baada ya miaka mia hivi Menahemu alimlipa Tiglath-pileser wa Tatu, anayeitwa Puli katika Wafalme wa Pili, talanta 1,000 za fedha, akiwatoza matajiri wake shekeli 50 kila mmoja ili ufalme ubaki mkononi mwake. Peka mfalme wa Israeli alipojiunga na Dameski dhidi ya Ashuru, Dameski iliangushwa mwaka 732 KK, Galilaya ikakatwa na kuwa jimbo lenye makao Megido, na kipande kilichobaki akapewa Hoshea. Huyu naye akaacha kulipa kodi akitumaini Misri. Samaria ikahusuriwa, ikaanguka karibu mwaka 722 KK, ikawa jimbo, na Sargon wa Pili akaandika kwamba aliondoa watu 27,290. Hesabu mwenyewe, Mwalimu: kutoka kuinama kwa Yehu hadi kuja kwa liwali ilipita miaka 120 hivi. Hofu ilikuwepo katika kila hatua, lakini palikuwa pia na ngazi, na kila mfalme mdogo alijua amesimama kwenye kidato gani.

Kalamu ya Pwani amejibu:

Namuunga mkono Mzee, naye ameniachia sehemu ninayoipenda zaidi, yaani utawala wenyewe.

Tuanze na tatizo ambalo karibu liivunje himaya kutoka ndani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 8 KK maofisa wakubwa walikuwa wamejikusanyia maeneo mapana mno. Shamshi-ilu, aliyekuwa turtanu, yaani amiri mkuu wa jeshi, aliandika ushindi wake kwenye simba wa mawe wa mji wa Til Barsip bila hata kumtaja mfalme aliyekuwa akimtumikia. Tiglath-pileser wa Tatu (745–727 KK) alipokamata kiti, nguvu za watu wa namna hiyo zilipunguzwa, majimbo yakawa mengi zaidi na madogo zaidi, na malengo ya vita yakabadilika pia: badala ya kupiga, kuchukua na kurudi nyumbani, jeshi sasa lilibaki. Maliwali wengi walikuwa matowashi. Sababu yake ni rahisi kuielewa katika nchi ambayo nyumba kubwa hurithishana vyeo, kwa kuwa towashi hakuwa na mwana wa kumwachia jimbo, na alichokuwa nacho chote kilitoka kwa mfalme.

Kila ofisa mkubwa alipewa muhuri wa kifalme wenye picha ile ile, mfalme akimchoma simba aliyesimama mbele yake, hivyo barua iliyogongwa muhuri huo ilitiiwa kama sauti ya mfalme, iwe imetoka Ninawi au kwenye mpaka wa Urartu, ufalme hasimu wa kaskazini. Barabara ya mfalme ilikuwa na vituo vilivyotunzwa na maliwali, na wajumbe walipokezana barua wakitumia nyumbu, namaanisha yule chotara wa punda na farasi, ambaye ni mgumu kuliko wazazi wake wote wawili. Barua za kawaida zilipita kwa utaratibu huo, na zile nyeti zilibebwa na mtu mmoja aliyeaminika kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kama kuna maswali yawepo majibu.

Vibao hivyo vimepatikana kwa mamia, vingi vikiwa vya wakati wa Sargon wa Pili (721–705 KK), na ukivisoma unakutana na watu wenye shughuli: liwali anaripoti kwamba mto umefurika, mwingine analalamika kuwa mwenzake amemchukulia wafanyakazi, wa tatu anaeleza kwa nini matofali aliyopangiwa hayajatimia. Qurdi-Ashur-lamur, ofisa aliyesimamia pwani ya Wafoinike wakati wa Tiglath-pileser, anamwandikia mfalme kwamba amewaruhusu watu wa Tiro wapande Lebanoni wakakate miti na kuishusha, yeye akitoza ushuru wa mbao, ila amewakataza wasiwauzie Wamisri wala Wafilisti. Huyo mama mwenye duka la nafaka ataielewa barua hiyo upesi kuliko wengi wetu. Tiro haikubomolewa, kwa sababu Tiro iliyo hai, yenye meli na bandari, ilileta faida kubwa kuliko magofu.

Kuhusu lugha, walikuwa wepesi wa kukubali hali. Waliowateka walikuwa wengi kuliko wao na wengi wao walizungumza Kiaramu, kwa hiyo kwenye picha za ukutani tunaona makarani wawili wamesimama pamoja wakihesabu nyara, mmoja akiandika kwa kikabari, yaani maandishi ya alama zenye umbo la kabari, na mwingine akiandika Kiaramu kwa wino. Hata hivyo kulikuwa na mpaka. Ofisa wa mji wa Uru aitwaye Sin-iddina aliomba amwandikie Sargon kwa Kiaramu, na mfalme akamjibu kwa swali: kwa nini asiandike na kutuma ujumbe wake kwa Kiakadi, lugha ya Waashuri na Wababeli iliyoandikwa kwa kikabari? Nadhani mfalme alitaka heshima, na pia alijua kwamba barua ya kikabari ilisomwa na watu wachache zaidi njiani.

Nalo jeshi lilichanganya mataifa. Sargon alipoiteka Samaria aliwachukua waendesha magari ya vita wa Samaria akawafanya kikosi ndani ya jeshi lake, na orodha za makamanda zilizopatikana Kalhu zinawataja. Waashuri walikuwa wakimpiga adui mwaka huu na mwaka unaofuata wakampa posho na silaha.

Dada wa Tabora amejibu:

Kaka zangu, nimewasoma kwa makini na nimejifunza, ila naomba tusiwageuze Waashuri kuwa ofisi nzuri yenye barabara safi. Barua zote mlizozitaja ziliandikwa na watawala kwa watawala. Hakuna kibao hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa na mwanamke wa Lakishi, mji wa Yuda walioubomoa.

Tunamwona, lakini, kwenye ukuta. Sennacherib, ndiye Senakeribu wa Biblia, aliihusuru Lakishi mwaka 701 KK, akachongesha vita hiyo katika chumba cha jumba lake la Ninawi. Mawe hayo sasa yapo London, na kilima cha mawe ambacho askari walikirundika ili magogo ya kubomolea yafike ukutani kinaonekana hadi leo pale pale Lakishi. Kwenye mawe hayo wanaume watatu wametundikwa kwenye nguzo. Chini yao wanapita watu wanaotoka langoni na mizigo mabegani, na wanawake na watoto wamepandishwa juu ya mikokoteni ya ng’ombe. Mfalme anajisifu kwamba katika Yuda peke yake alitwaa miji 46 yenye kuta na kuwatoa watu 200,150. Hata tukiishuku hesabu hiyo, nia iko wazi.

Uhamisho huu ndio ulikuwa nguzo ya utawala wao, na hapa ndipo hofu na karani vinapokutana. Watu walihamishwa pamoja na familia zao, na walichaguliwa: mafundi, askari, wasomi, wakulima wa kwenda kulima ardhi iliyoachwa. Ipo barua ambamo ofisa anamweleza mfalme kwamba Waaramu wanaohamishwa watapata chakula, nguo, viriba vya maji, viatu na mafuta. Mtu anaweza kuisoma barua hiyo akaona huruma. Mimi naona mtu anayetunza mali ya mfalme isiharibike njiani. Aliyevikwa viatu alikuwa anapelekwa asikotaka, aache makaburi ya wazazi wake, na mahali pake waletwe wengine walioondolewa kwao vilevile, kama Wafalme wa Pili inavyosema juu ya watu wa Babeli, Kutha na Hamathi walioletwa Samaria. Mtu wa namna hiyo hana ukoo wa kumficha wala mlima anaoufahamu, na kinga yake pekee ni ile serikali iliyomng’oa. Wala hawakulificha jambo hilo. Amiri wa Sennacherib, akizungumza Kiyahudi mbele ya ukuta wa Yerusalemu ili watu wa kawaida wamsikie, aliwaahidi nchi kama nchi yao wenyewe, nchi ya nafaka na divai, baada ya kuhamishwa. Alikuwa anaieleza sera yao kwa maneno ya kubembeleza.

Kwa hiyo kwa mama huyo ningesema: hofu haikuhesabu magunia, ni kweli, lakini ndiyo iliyomleta mhesabuji na kumlinda akihesabu.

Mwalimu wa Jioni ameongeza:

Nawashukuru sana, na hasa wewe Dada, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuvutiwa na barabara na mihuri nikasahau walioipita barabara hiyo bila hiari. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, ngazi aliyoieleza Mzee inaonekana kushindwa Misri. Je, ni kwa nini? Pili, darasani waliniuliza jinsi tunavyoijua miaka hii kwa uhakika, hata kusema 853 au 732, wakati hakuna aliyehesabu “kabla ya Kristo”.

Mzee wa Vibao amejibu:

Nitaanza na Misri. Wakati huo Misri ilitawaliwa na wafalme wa Kushi, watu wa Sudani ya leo, na mfalme wao Taharka alikuwa akiwachochea wafalme wa pwani wakatae nira. Esarhaddon, mwana wa Sennacherib, alivuka jangwa la Sinai akiwa na ngamia wa Waarabu waliobeba maji, akaitwaa Memfisi mwaka 671 KK. Lakini nchi ya Misri ilikuwa mbali mno na Ninawi, ndefu mno, na yenye watu wengi mno kwa uhamisho. Hivyo walibaki kwenye kidato cha nira, wakawaapisha wakuu wa miji ya kaskazini, na jeshi likiondoka tu Taharka anarudi. Esarhaddon alifia njiani mwaka 669 KK akielekea huko tena. Mwanawe Ashurbanipal aliwakamata wakuu waliokuwa wakila njama na Taharka, akawaadhibu, ila akamsamehe Neko wa Sais, akamvika mavazi mazuri na kumrudisha kwenye mji wake. Uliangalie jambo hilo kwa makini, Mwalimu, kwa sababu linaonyesha kwamba hawakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Mwaka 663 KK waliipora Thebe, mji mkubwa wa kusini mwa Misri, pigo ambalo nabii Nahumu anaikumbusha Ninawi, lakini Psamtik mwana wa Neko ndiye aliyeiunganisha Misri taratibu na kuacha kulipa kodi, na hakuna jeshi lililokwenda kumwadhibu.

Halikwenda kwa sababu ya tatizo lililo karibu na nyumbani. Mwaka 672 KK Esarhaddon aliwaapisha watu wa himaya yote kwamba Ashurbanipal atarithi Ashuru na kaka yake Shamash-shum-ukin atarithi Babeli. Nakala moja ya kiapo hicho imepatikana ndani ya hekalu huko Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki, maana yake kiapo kiliwekwa mbele ya miungu hata majimboni. Hata hivyo ndugu hao wawili walipigana kuanzia mwaka 652 hadi 648 KK, na Babeli ikashindwa kwa njaa. Babeli haikuwahi kupata mahali pake katika ngazi ile. Ilikuwa mji mtakatifu ambao Waashuri waliuheshimu na kuabudu miungu yake, kwa hiyo walijaribu kila njia: Tiglath-pileser alijitawaza mwenyewe huko, Sennacherib alimweka mwanawe na mwishowe akaubomoa mji mwaka 689 KK, Esarhaddon akaujenga upya. Ni Wababeli, wakishirikiana na Wamedi, walioiangusha Ninawi mwaka 612 KK.

Kalamu ya Pwani amejibu:

Niruhusuni nijibu hilo la miaka, kwani jibu lake limo ndani ya utawala huo huo.

Waashuri hawakuipa miaka namba. Kila mwaka ulipewa jina la ofisa mmoja aliyeitwa limmu, na cheo hicho kilizunguka kwa utaratibu: mfalme mapema katika utawala wake, kisha turtanu na wakuu wa jumba, kisha maliwali wa majimbo. Makarani walitunza orodha, kwa sababu bila hiyo mkataba wa deni usingejulikana ni wa lini. Kwa liwali ilikuwa heshima kubwa, maana jina lake liliandikwa kwenye kila hati ya himaya kwa mwaka mzima, na kwa mfalme ilikuwa njia ya kumkumbusha liwali huyo kwamba zamu yake imetoka jumbani.

Katika nakala nyingine za orodha, pembeni ya jina liliandikwa tukio la mwaka: jeshi lilikokwenda, au kwamba lilibaki “nchini”. Kwenye mwaka wa Bur-Sagale, liwali wa Guzana, imeandikwa kwamba palikuwa na uasi katika mji wa Ashur, na kwamba mwezi wa Simanu jua lilipatwa. Kupatwa huko kumehesabiwa na wanaastronomia kuwa ni tarehe 15 Juni mwaka 763 KK, na kutoka hapo majina mengine yote yanapata tarehe kwa kuhesabu kwenda juu na kwenda chini. Guzana, Dada wa Tabora, ni ile Gozani ambako baadhi ya watu wa Samaria walipelekwa miaka 40 hivi baadaye.

Mshushie mwanafunzi wako kidole kwenye orodha hiyo kuanzia mwaka 763, Mwalimu. Ataona uasi, ataona tauni mwaka 759, na miaka ya jeshi kukaa nyumbani bila kwenda popote. Mwaka 746 pameandikwa uasi katika Kalhu, na kwenye mstari unaofuata, kwamba mwezi wa Ayyaru, tarehe 13, Tiglath-pileser aliketi kwenye kiti cha enzi.